Uwanja unajengwa, sufuria ziko nje ya geti

Septemba 2023, CAF ilipotangaza kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja AFCON ya 2027, Arusha ilipata neno jipya la kufungulia na kufungia vikao: fursa. Uwanja wa watu 30,000 ukaanza kujengwa kata ya Olmoti, wenye viwanja wakaanza kuota nyumba za wageni, na kila aliyeshika kipaza sauti akawa anawahimiza akina mama wajipange, wajiunge kwenye vikundi, wachangamkie fursa. Nyuma ya himizo hilo kuna imani ambayo sijasikia mtu wa upande wowote wa siasa akiihoji: kwamba uchumi ukikua, ajira za wanawake nazo zitakua, kama kivuli kinavyomfuata mwenyewe. Naona imani hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe inatufanya tutazame mahali pasipostahili. Kinachotokea kwanza uchumi unapokua ni kwamba kazi huhama. Hutoka jikoni, shambani na kwenye gulio, ikaenda mahali penye geti, mkataba na siku ya mshahara. Inapohama, fedha yake huingia kwanza mikononi mwa mwanaume, na mwanamke huifuata nyuma. Anaweza kuifikia baada ya miaka kumi, anaweza kuifikia baada ya miaka mia. Kasi ya uchumi peke yake haiamui ni lini. Kinachoamua zaidi ni mambo yanayoonekana madogo: jina la nani limeandikwa kwenye kitabu cha malipo, na mtoto ameachwa na nani.

Tarehe 9 Oktoba 2023, siku kumi na mbili baada ya tangazo la CAF, Stockholm nako kulitangazwa jambo: Nobeli ya uchumi imekwenda kwa Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanamke wa kwanza kuipata bila kugawana na mtu. Huku kwetu habari hiyo ilipita kimyakimya, tulikuwa bado tunashangilia mpira. Lakini ilituhusu. Goldin alichimba kumbukumbu za Marekani za miaka 200 na akakuta kwamba kazi za wanawake hazikupanda pamoja na uchumi. Zilipita bondeni: ukizichora, zinashuka kwanza, kisha zinapanda tena. Nchi ilipokuwa ya wakulima, wanawake wengi walioolewa walifanya kazi za uzalishaji, shambani na kwenye karakana za nyumbani. Viwanda vilipokuja na kazi ikatenganishwa na nyumba, wengi waliachwa nyuma, na ushiriki wao ukashuka karne nzima ya 19. Ulianza kupanda tena karne ya 20, ofisi, shule, maduka na hospitali zilipoongezeka na wasichana wakawa wamesoma. Hata huko mlima haukuwa laini: kulikuwa na kanuni za waajiri, zilizoenea hasa miaka ya 1930, za kumwachisha kazi mwalimu au karani wa kike mara anapoolewa. Uchumi ulikuwa unakua, mlango ukafungwa kwa komeo la makusudi.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti huo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata lile bonde. Goldin aligundua kwamba sensa za Marekani za mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa zikimwandika mwanamke aliyeolewa kama mtu asiye na kazi, hata kama alikuwa akilima, akishona au akiendesha duka na mumewe. Aliporekebisha hesabu, idadi ya walioolewa waliokuwa wakifanya kazi ilikaribia mara tatu ya ile iliyoandikwa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Karani wa sensa alimuuliza anafanya kazi gani, naye, mikono bado ina utomvu wa migomba, akajibu: "Sina kazi, baba, nipo tu nyumbani." Karani akaandika alichoambiwa.

Bibi hakuwa anadanganya. Alikuwa amefundishwa na mlima mzima kwamba kazi ni ile inayolipwa, na iliyolipwa ilikuwa kahawa. Mwaka 1970 mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alieleza jinsi jambo hili lilivyotokea sehemu nyingi za Afrika: kilimo cha jembe la mkono kilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya wanawake, lakini wakoloni walipoleta mazao ya biashara waliwafuata wanaume kwa mafunzo, mbegu na masoko. Kilimanjaro ni mfano ambao angeweza kuuchora bila kufuta. Chama cha wakulima wa kahawa kiliundwa 1925, na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa, ikaanzishwa 1933. Kahawa ilipandwa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume, kwa hiyo mwanachama wa chama cha msingi aliyeandikwa kitabuni alikuwa baba. Mama alipalilia, alichuma, aliosha, alianika na kuchambua. Siku ya malipo alikwenda baba. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba mwanamke asilipwe. Kitabu kilikuwa na mstari mmoja kwa kila kihamba, na mstari ule ulijaa.

Aliyebakiwa na ndizi ni mama. Ndizi na maziwa vilihesabiwa kuwa vitu vya jikoni, na kilichozidi jikoni alikipeleka gulioni, Kwa Sadala, Mwika au Kiboriloni, akarudi na chumvi, mafuta na daftari la mtoto. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka, nyumba nyingi za mlimani ziligundua kwamba kinachowaweka mjini ni kile kikapu cha mama. Hapo ndipo jambo la kuvutia likatokea. Ndizi zilipopata soko kubwa Dar es Salaam, zikaanza kupanda Fuso. Na ndizi ikishapanda Fuso hubadilika jinsia: dalali ni mwanaume, dereva ni mwanaume, mwenye gari ni mwanaume, na mama anabaki pembeni ya barabara akiuza mkungu kwa bei aliyotajiwa. Biashara imekua, kwa kipimo chochote. Sehemu ya mama kwenye bei ya mwisho ndiyo haikuifuata.

Anayetaka kuona kwamba mambo yangeweza kwenda kwingine atazame mlima huohuo, upande wa Machame. Mwaka 1988 wanawake wa Nronga walianzisha ushirika wao wa maziwa. Maziwa yalikuwa tayari ni mali ya mama kwa mila, na ushirika ukayapeleka sokoni bila kumwondoa mwenye mali kwenye kitabu. Mila ni ileile, mteremko ni uleule, hata ng'ombe ni walewale wa kufungiwa bandani. Tofauti na kahawa ni nani aliandikwa siku ya kwanza. Ndiyo maana huwa sishawishiki sana na wale wanaosema tatizo ni mila na basi. Mila ipo, wala siibezi, mabinti wengi wa Kichaga bado wanaijua habari ya kihamba kuliko wanavyoijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayowapa haki ya ardhi sawa na wanaume. Lakini mila haikuwazuia wanawake wa Nronga kusaini malipo yao wenyewe, na haikuwa mila ya Kichaga iliyobuni leja ya kahawa.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia zaidi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba haya yote ni ya Wazungu, wanawake wetu wanafanya kazi tayari, tena kuliko wao. Takwimu zinaonekana kuiunga mkono. Kwa makadirio ya kimataifa, takriban wanawake wanane kati ya kumi wa Tanzania wenye miaka 15 na zaidi wamo kwenye nguvukazi. Marekani hawafiki sita. Mtu akikuonyesha namba hizo kwenye slaidi unaweza kupiga makofi. Lakini kuwa juu kwenye mchoro ule wa bonde hakumaanishi umeshavuka. Kunaweza kumaanisha hujaanza kushuka. Nchi maskini zina wanawake wengi kazini kwa sababu hakuna mwenye uwezo wa kukaa, na kazi yenyewe mara nyingi ni shamba la familia lisilo na mshahara, au meza ya nyanya yenye mtaji usiofika shilingi elfu hamsini. Kujisifia namba hiyo ni sawa na kusifia mguu wenye mbio wa mtu anayefukuzwa na nyuki.

Na namba yenyewe inaweza kubadilika bila mwanamke yeyote kubadilisha anachofanya. Oktoba 2013, wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani walikubaliana kwamba neno "ajira" libaki kwa kazi ya malipo au faida tu. Anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anafanya kazi, walisema, ila hayuko kwenye ajira. Kitaalamu uamuzi huo una maana, kwa sababu unatenganisha vitu viwili vilivyokuwa vimechanganywa. Ila fikiria kinachompata bibi yangu. Chini ya hesabu ya zamani, ndizi zake za mtori zingemweka kwenye orodha, kama tu angemjibu karani vizuri. Chini ya hesabu mpya anatoka, mpaka sehemu kubwa ya ndizi zake iwe ya kuuza. Kwa hiyo siku tukiambiwa ushiriki wa wanawake umepungua, swali la kwanza liwe ni kipimo gani kimetumika, na swali la pili liwe nani ameacha kazi gani. Mama aliyeacha kuponda kokoto kwa sababu mume amepata mshahara mzuri hajapata hasara ileile na binti aliyeacha benki kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Kwenye jedwali wote wawili ni mstari mmoja unaoshuka.

Kuna upande wenye nguvu zaidi, nao nauheshimu. Unasema bonde si lazima. Mwaka 2014 watafiti Gaddis na Klasen waliupima upya mchoro huo kwa nchi nyingi wakaonyesha kwamba unategemea sana takwimu ulizochagua, na kwamba zikibadilishwa, bonde linaweza karibu kutoweka. Historia nayo ina mifano yake. Viwanda vya nguo vya Lowell, huko Massachusetts, viliajiri mabinti wa wakulima tangu miaka ya 1820; Bangladesh imejenga sekta nzima ya nguo juu ya mikono ya wanawake. Upande wa pili kuna India, ambako tangu katikati ya miaka ya 2000 hadi karibu 2018 uchumi ulikua kwa kasi huku sehemu ya wanawake walio kazini ikipungua. Kwa hiyo kukua kwa uchumi kunaweza kuwavuta wanawake au kuwasukuma. Aina ya kiwanda ina neno la kusema, na Arusha tunao ushahidi wetu wenyewe. General Tyre, iliyosimamisha uzalishaji 2009, ilikuwa fahari ya mji, lakini tairi ilikuwa kazi ya wanaume. A to Z pale Kisongo, inayotengeneza vyandarua vyenye dawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, imeajiri maelfu ya watu, na wengi wao ni wanawake. Mashamba ya maua na mbogamboga ya Tengeru na Usa River vilevile: ukiona basi linalochukua wafanyakazi alfajiri, viti vingi vina mitandio. Mji uleule, kipindi kinachokaribiana, na matokeo mawili tofauti kwa sababu ya bidhaa iliyotoka getini.

Nikiri kwamba kazi hizo zina matatizo yake. Nyingi ni za msimu, malipo yapo karibu na kima cha chini, na kibarua wa miezi mitatu anapopata ujauzito haki ya siku 84 za likizo ya uzazi iliyomo kwenye sheria ya ajira ya 2004 hubaki kuwa maandishi, kwa sababu mkataba wake huisha kabla haijaanza. Lakini wanaharakati wanaoziita utumwa wananikera kidogo. Muulize aliyetoka kuchambua maharage mabichi na kuingia kwenye umachinga ni lini alilala akijua kesho ana kiasi gani. Mshahara mdogo wenye tarehe una kitu ambacho meza ya nyanya haina: unakuja kwa jina lako.

Ndiyo maana sina imani kubwa na dawa tunayoipenda kuliko zote, mkopo wa kikundi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne zikiwa za wanawake. Utaratibu ulisimamishwa 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Nilifurahi uliporejeshwa, maana mbadala wake mtaani ni kausha damu, mikopo yenye riba ya kutisha. Lakini mkopo unaongeza muuzaji, hauongezi mnunuzi. Kama Mbauda tayari ina akina mama ishirini wanaokaanga chipsi kwenye mtaa mmoja, mkopo wa ishirini na moja unagawanya wateja walewale. Pale bondeni pa ule mchoro ndipo penye msongamano mkubwa wa akina mama, na sera yetu inayojiita ya uwezeshaji kazi yake kubwa ni kuwapanga vizuri hukohuko chini.

Watakaonijibu kwamba suluhisho ni elimu wana hoja, na Kilimanjaro ingepaswa kuwa ushahidi wao wa kwanza. Mlima huu ulikuwa na shule za wasichana wakati mikoa mingine inahangaika na za wavulana: Machame, Kibosho, Ashira, Weruweru. Matunda yanaonekana, ila hayaonekani Moshi. Mabinti wale wako Dar es Salaam, Dodoma na nje ya nchi, na hupanda kuja Desemba, ile safari ambayo watani wetu wanasema Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Januari mlimani hubaki bibi na migomba. Kwa maneno mengine, elimu ilimvusha mtu lakini haikuvusha mahali. Goldin aliona kitu kama hicho: wasichana wa Marekani walichagua masomo kwa kutazama maisha ya mama zao, wakakosea kwa kizazi kizima kuhusu kazi watakazofanya. Binti wa kidato cha nne wa Himo leo anamwona mama aliyebaki, aliyeondoka yuko mbali naye.

Na hata yule aliyevuka, tusisahau alivuka kwa mgongo wa nani. Nyumba nyingi za Njiro au Shanty Town ambazo mama anatoka saa moja asubuhi kwenda ofisini, kuna dada wa kazi aliyetoka Singida au Kondoa, mara nyingi binti mdogo aliyeishia darasa la saba. Mwanamke mmoja amepanda kwenye mshahara wa ofisini, mwingine amechukua jiko lake kwa malipo ambayo hata kwenye amri ya kima cha chini huwa ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Simlaumu mama wa Njiro, mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Ila tunapohesabu ajira mbili za wanawake zilizopatikana katika nyumba hiyo, tumehesabu pia nafasi moja ya kidato cha kwanza iliyopotea. Hata mume wa nyumba hiyo haonekani popote kwenye hesabu, na huko kutoonekana kwake ndiko kunakofanya hesabu iwe ngumu.

Turudi Olmoti basi. Katika ujenzi wowote mkubwa nchini utakuta picha moja: ndani ya geti, kofia ngumu na karatasi ya mahudhurio, wengi wanaume, nje ya geti, mawe matatu, sufuria na mamantilie wanaouza wali maharage kwa mkopo mpaka siku ya malipo. Mwezi uwanja utakapokamilika, wa ndani watakwenda mradi mwingine na barua za uzoefu. Wa nje watabaki na madeni yaliyoandikwa kwenye daftari. Sheria ya manunuzi ya umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na chakula cha mafundi ni huduma inayoweza kuwekewa mkataba kama saruji. Ikiwekewa, yule mama anaingia kwenye leja. Itabidi mtu akague, maana vikundi vya jina, vinavyoongozwa na mume au shemeji aliye nyuma ya pazia, tunavijua. Hoteli zitakazopokea wageni 2027 nazo zitaajiri wanawake wa kutandika vitanda bila kuhimizwa na mtu. Kinachohitaji kuhimizwa ni mkataba unaovuka mashindano.

Halafu kuna saa mbili ambazo sijawahi kuzisikia zikitajwa kwenye kikao chochote cha fursa. Basi la wafanyakazi wa mashambani hupita Unga Limited na Sombetini alfajiri, saa kumi na mbili hivi au kabla. Chekechea nyingi hufungua saa mbili. Katikati hapo mtoto wa miaka mitatu anaachwa kwa jirani wa kulipwa, au kwa dada yake wa miaka tisa anayepaswa kuwa njiani kwenda shule, au mama anaamua basi lipite. Siku akiamua hivyo, mwajiri ataandika mtoro, na jirani akiulizwa na karani wa sensa kuhusu mama huyo atasema hana kazi, yupo tu nyumbani.